Damu ya Kitovu na Majuma Matano Yaliyopotea

Kuna majuma matano ya maisha yangu ambayo sikuyaishi mimi. Aliyaishi dada yangu Aziza, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda changu, katika mji wa Chennai kusini mwa India, na daftari la shule mapajani. Mwili wangu ulikuwepo. Ulikula, ulitapika, ulisema, hata ulicheka. Lakini nikiyatafuta majuma yale leo, ni kama kuingiza mkono mfukoni na kukuta mfuko umetoboka. Kwa hiyo sehemu ya haya nitakayosimulia nimeitoa kwenye daftari la Aziza. Pale niliposhindwa kuamini nilimuuliza, naye aliapa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Naitwa Ramazani. Ni seremala hapa Kisangani, mtaa wa Kabondo, kama alivyokuwa baba yangu, Papa Amisi, na baba yake kabla yake. Naandika kwa sababu nilipokuwa mgonjwa nilitafuta mtu mmoja tu aliyepita njia hii, aniambie kwa lugha ninayoisikia vizuri kitu gani kinanisubiri. Sikumpata. Kama wewe ndiye unayesubiri sasa, mimi nitakuwa mtu huyo.

Ugonjwa ulianza kwenye kidole gumba. Nilijigonga nyundo, jambo ambalo kila seremala hulifanya, lakini kidole kikawa cheusi na weusi ukapanda hadi kwenye kiganja, ukakataa kuondoka. Halafu fizi zikaanza kutoa damu nikipiga mswaki. Halafu pumzi. Kubeba ubao mmoja wa lifaki, mti wetu mzito, kutoka mlangoni hadi kwenye meza ya kazi kukawa safari ya kupumzika mara mbili. Mke wangu Marthe, ambaye ni mtu wa mtoni, mzaliwa wa Yanonge, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema wazi.

"Uso yako iko nyeupe sawa unga ya muhogo," aliniambia. "Kesho tunaenda ku hopitali. Hata kama unakataa, tunaenda."

Daktari wa Kisangani alinieleza kwa maneno machache. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na uboho wangu ulikuwa umeacha kazi. "Ni kama kiwanda chenye kufungwa," alisema. Mpaka ipatikane njia ya kukifungua, ningeishi kwa damu ya watu.

Nikaishi kwa damu ya watu. Kila baada ya majuma mawili, baadaye kila juma, nilikuwa kwenye benchi la barazani nikisubiri chupa ya mtu. Binamu zangu walikuja. Wazee wa msikiti walikuja, wengine wakarudishwa kwa sababu ya umri wakaondoka wamenuna. Shemeji zangu wavuvi walipanda mto kutoka Yanonge na mitumbwi yao ya mota, wakanyoosha mikono yenye magamba ya samaki, wakatoa. Nikawa najua kila mara nimembeba nani. "Leo niko na damu ya Likonga," nilikuwa nikimtania Marthe kwa jina la mmoja wa kaka zake, "usishangae nikianza kuongea Lingala ya wavuvi."

Baba alikaa nami kwenye benchi lile kila mara. Hakuwa mtu wa maneno. Aliweza kukaa saa tatu akichunguza jinsi benchi lilivyoungwa, kisha akasema tu, "Mwenye kufanya hii hakupenda kazi yake." Halafu siku moja, majira ya mvua kubwa, presha ilimwangusha mchana kando ya meza yetu ya kazi, na kabla ya alasiri alikuwa amekwenda. Mimi nilibebwa kwa kiti hadi makaburini kwa sababu miguu haikunifikisha. Nilitupa udongo kwa mkono wangu mwenyewe. Naomba msomaji ulishike hilo, kwamba nilikuwepo.

Jinsi tulivyopata njia ya kwenda India ni hadithi ya watu wengi wema, wa msikiti wetu na wa kanisa la wakwe zangu, na sitaitosheleza hapa. Kilichotuumiza ni swali la nani anisindikize. Marthe alitaka kwenda. Ni mke wangu, na hakuna aliyekuwa na haki zaidi yake. Lakini binti yetu Nuru alikuwa na miaka minne, na madaktari wa kule walikuwa wameomba aje ndugu wa tumbo moja ili apimwe. Mama yangu, Mama Zubeda, alikata shauri: aende Aziza, ambaye ni mwalimu, mjane, na mkubwa wangu kwa miaka sita. Marthe alikubali kwa mdomo. Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia mimi, akampita Aziza kama mtu anayepita nguzo.

Chennai ilitupokea kwa joto la kukausha macho. Chumba cha kungojea kilikuwa kikubwa kuliko msikiti wetu, na ukutani kilining'inia kioo kinachowaka namba. Unakaa, unaitazama namba yako kama mtu anayetazama chungu kichemke. Hapo nilijifunza kuwatambua wenzangu kwa barakoa, kofia na ule mwendo wa kuburuta viatu. Hatukuwa na lugha moja, lakini mtu akiitwa, wengine tuliinua kidole gumba.

Rehema ya kwanza niliyoipata kule ni Neema. Alikuwa Mtanzania aliyesomea mjini hapo, na hospitali ilimtumia kama mkalimani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mbao iliyopigwa randa. Mara ya kwanza aliponisikia nikisema "mi iko na maumivu mu mukono," alitabasamu nyuma ya barakoa akasema, "Kaka, tutaelewana, usiogope." Tukaelewana.

Yeye ndiye aliyenifikishia maneno ya Daktari Meena, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye alikuwa na tabia ya kuketi kabla ya kutoa habari mbaya. Siku hiyo aliketi. Uboho wa Aziza ulifanana na wangu nusu, na nusu ingeweza kutosha. Lakini zile damu zote nilizopewa Kisangani, zilizoniweka hai, zilikuwa zimeufundisha mwili wangu kuchukia wageni, na mmoja wa wageni uliojifunza kumkataa alikuwa dada yangu. Aziza alitoka nje. Niliona kivuli chake kupitia kioo cha mlango, ameinamisha kichwa.

"Iko njia ingine?" niliuliza.

"Ipo," alisema Neema baada ya kumsikiliza daktari. "Damu ya kitovu. Mtoto akishazaliwa, akishakatwa, kuna damu inabaki kwenye kitovu na kwenye kondo la nyuma. Wapo akina mama wanaokubali ichukuliwe na kugandishwa, apewe mtu yeyote atakayeihitaji. Wamekupatia vifuko viwili, kwa kuwa wewe ni mtu mzima na damu ya mtoto ni kidogo. Kimoja ni cha mtoto wa kiume na kingine cha wa kike."

"Ni ya nani?"

"Hawaruhusiwi kusema. Hata wao hawajui majina."

Nuru alipozaliwa, mimi mwenyewe ndiye niliyechimba shimo nyuma ya nyumba nikazika kondo lake, kama tunavyofanya sisi. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya kitu kile ninachokifukia kuna uhai wa kumtosha mtu mwingine.

Walinipa kwanza dawa za kusafisha uboho wa zamani, siku sita za kutapika, kisha ikafika siku wanayoiita sifuri. Ilikuwa asubuhi. Nilitarajia chumba cha upasuaji na taa kubwa. Muuguzi aliingia na vifuko viwili, kila kimoja kidogo kuliko mfuko wa maji ya kunywa unaouzwa barabarani, akavitundika kimoja baada ya kingine, vikashuka kwenye mrija. Chumba kikanuka kama vitunguu saumu, kwa ile dawa ya kugandishia. Aziza alisoma Fatiha kwa sauti ya chini. Haikufika hata saa moja.

"Ni hii tu?" nilimuuliza Neema.

"Ni hii tu, kaka."

Nilikitazama kifuko kitupu kikining'inia. Kitu kidogo hivyo, kutoka kwa mtoto ambaye labda wakati huo alikuwa akijifunza kutembea mahali fulani, kilikuwa sasa kikitafuta njia gizani ndani ya mifupa yangu. Hakuna aliyekionyesha mahali pa kwenda, lakini kilipajua.

Baada ya hapo ni kungoja. Mtakaoifikia siku hiyo, jueni kwamba damu ya kitovu haina haraka. Mdomo wangu ulijaa vidonda hadi mate yakawa adui. Nywele zilibaki kwenye mto. Ngozi ya viganja ilichubuka kama ganda la ndizi iliyoiva. Kila alfajiri walinitoa damu, kila adhuhuri wakaja na hesabu ya chembe nyeupe, na hesabu ilikuwa sifuri kabisa. Rehema za siku zile zilikuwa vipande vya barafu ambavyo muuguzi mmoja alinivunjia kwenye kikombe bila kuombwa, na sauti ya Nuru kwenye simu akiniimbia herufi za Kifaransa alizofundishwa shuleni.

Kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni kuwashwa kifuani na vipele vyekundu. Aziza aliandika: siku ya kumi na tisa.

Kuanzia hapa nasoma daftari. Siku ya ishirini na moja: "Amemwita muuguzi Mama. Ameuliza kwa nini mvua hainyeshi." Siku ya ishirini na mbili: "Ameuliza tuko wapi. Nimemjibu. Ameuliza tena. Nimehesabu mara kumi na nne kabla ya chakula." Siku hiyo hiyo mchana mwili wangu ulikakamaa na kutetemeka kitandani, macho yakageuka, na walimsukuma Aziza nje wakafunga mlango. Alikaa sakafuni ukumbini na kiatu changu kimoja mkononi. Hajui alikichukuaje.

Walipima maji ya mgongo. Walinipiga picha za kichwa. Kesho yake Daktari Meena aliketi tena, na Neema akamfasiria Aziza. Virusi vilikuwa vimeamka. Havikuwa virusi vya India, wala vya kifuko. Vilikuwa vyangu. Karibu kila mtoto duniani huvipata kabla ya kutimiza miaka miwili: homa kali ya siku tatu, kisha vipele, kisha mtoto anarudi kucheza na watu wanasahau. Ila vyenyewe haviondoki. Vinalala ndani ya chembe za damu, miaka na miaka, na askari wa mwili wanavilinda visiinuke. Mimi sasa sikuwa na askari. Nilikuwa na chembe changa za watoto wachanga, zisizojua bado adui ni nani, na virusi vilikuwa vimeingia hata ndani ya baadhi ya hizo. Kutoka hapo vilikuwa vimepanda kichwani, mahali penyewe ambapo mtu huhifadhi alichokiona jana.

Aziza alimpigia Mama simu.

"Mama, Rama alipokuwa mutoto, alipata homa na vipele?"

"Watoto yangu yote walipata," Mama alijibu. "Siku tatu. Nilimufunga na kitambaa ya maji, alipona. Juu ya nini unauliza ile leo?"

Miaka thelathini na moja. Kitu nilichokipata mgongoni mwa mama yangu, kabla sijajua kusema, kilikuwa kimenisubiri muda wote huo kimya. Nikiwaza hilo mpaka leo nashindwa kuchagua kati ya kuogopa na kushangaa.

Walinianzishia dawa ya mrija, saa nyingi mchana kutwa, majuma matatu. Ilikuwa ikinichosha figo, ikinifanya midomo ife ganzi, na maji ilibidi yaingie mwilini kwa ndoo. Lakini kilichomchosha Aziza hakikuwa dawa. Kilikuwa swali langu kwake, yeye ninayemwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, Papa iko wapi?"

Mara ya kwanza alinijibu kweli. "Papa alikufa, Rama. Tulimuzika wote pamoja, we ulikuwa pale."

Anasema nililia kama nilivyolia siku ya kwanza, kwa sauti ileile, nikiuliza mambo yaleyale: nani alikuwa naye, alisema nini, mbona hamkuniita. Nililia hadi nikalala. Nilipoamka, baada ya robo saa, nilitazama mlangoni.

"Yaya, Papa iko wapi? Hakuje leo?"

Akaniambia tena. Nikalia tena, upya. Kwenye daftari kuna mstari: "Leo nimemwambia mara tatu. Ya nne sitaiweza." Nilipouliza mara ya nne, dada yangu alinipangusa uso kwa kitambaa akasema, "Papa alienda Yanonge kutafuta mbao. Atarudi."

Nilifurahi. Nilimwambia amkumbushe baba asinunue mbao mbichi. Nikala uji wote. Tangu siku hiyo Papa Amisi alikuwa Yanonge, kila siku, mara ishirini kwa siku.

Marthe alijua kupitia simu. Niliishika mwenyewe nikamwambia kwa furaha kwamba baba yuko kwao, apeleke salamu. Marthe aliomba apewe Aziza. Daftari haliandiki maneno yao, lakini wote wawili wamenisimulia na hawapingani.

"Mume yangu hapana mutoto," Marthe alisema. "Akipona atakuuliza. Utamujibu nini? Na akikufa, atakuwa amekufa ndani ya bongo, ndani ya kudanganywa."

"Kuja basi, ukae hapa, umuambie weye," Aziza alijibu. "Umuambie na umuangalie."

"Nilitaka kukuja. Mulinikataza."

Simu ikakatwa, na hawakusemezana tena kwa muda mrefu. Aziza alimuuliza Daktari Meena kama anafanya dhambi. Neema alifasiri jibu: "Daktari anasema hakuna dawa ya swali hilo. Anasema endelea kuandika."

Sasa nafika mahali ninapokumbuka mwenyewe.

Kumbukumbu yangu ya kwanza baada ya shimo lile ni sauti ya kijiko. Aziza alikuwa akikoroga uji kwenye kikombe cha chuma, jua la asubuhi limepiga ukutani, na nje mvua za kule zilikuwa zimekwisha kuanza, maana dirisha lilikuwa na matone. Nilimtazama. Alikuwa amekonda. Nikafungua mdomo kuuliza swali ambalo, naambiwa, alikuwa amelisikia mara mbili asubuhi hiyo. Lakini lilipofika ulimini lilikuta kitu kingine kimeketi pale.

"Yaya," nilisema, "jana ulisema Papa iko Yanonge."

Kijiko kikasimama.

"Jana?" aliuliza polepole. "Unakumbuka jana?"

"Jana ulisema. Na siku ingine mbele ya jana. Safari ya mbao haichukue siku zote hizi." Nilikuwa nikihisi mawazo yakipanda moja juu ya jingine, kama mtu anayepanda ngazi ambayo hana hakika nayo. "Papa alimaliza, si vile? Nilitupa udongo. Nilikuwa ku kiti."

Aziza alikitua kikombe sakafuni. Aliniangukia kifuani, na nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada: mtu anayelia na kucheka kwa pumzi moja. "Alikufa," alikuwa akisema, "ndiyo, Rama, alikufa, Al-hamdulillahi, alikufa." Muuguzi alikimbia akidhani kuna hatari. Neema alipofika na kuelezwa aligeukia ukutani akalia naye.

Mimi pia nililia. Nilimlilia baba yangu. Lakini safari hii, nilipolala na kuamka, msiba ulikuwa bado upo, pale nilipouacha. Kesho yake ulikuwepo. Sijui kama umewahi kushukuru kwa sababu huzuni yako imekungoja hadi asubuhi. Mimi nilishukuru. Kwamba ndani ya kichwa cha mtu kuna mahali padogo, pa ukubwa wa njugu labda, ambapo wafu wake na walio hai wake wote wanakaa, na ukiguswa pale unawapoteza wote kwa robo saa: hilo sikulijua, na nikilijua sasa naogopa hata kujigonga kichwa.

Juma lililofuata hesabu ya chembe nyeupe ilipanda. Daktari Meena aliingia akiwa amesimama, na kwa hiyo nilijua ni heri. Mmoja wa watoto wawili alikuwa ameshika makao. Mwingine alikuwa ametoweka.

"Amebaki nani?" niliuliza.

"Wa kike," alisema Neema. "Damu yako yote sasa inatoka kwa binti. Hata kundi la damu limebadilika. Ulikuwa O, utakuwa A."

"Na yule mwanaume alienda wapi?"

"Anasema hawajui vizuri," Neema alifasiri. "Hubaki mmoja siku zote. Anasema amefanya kazi hii miaka mingi na bado linamshangaza." Nilipenda kwamba alikiri. Nilimwombea dua yule wa kiume, ambaye alikuja nami sehemu ya safari.

Tulirudi Kisangani majira ya mbinzo, akina mama wamewatandaza viwavi wao kwenye mabeseni sokoni. Mimi sikuruhusiwa kuingia sokoni. Niliwaona kupitia kioo cha gari, barakoa usoni, ngozi imekuwa nyeusi kuliko nilivyoondoka nayo, kucha zina mistari, na nywele mpya laini kama za kitoto. Nuru aliugusa utosi wangu akauliza nani alinipa nywele hizi. Nikamwambia ni hadithi ndefu.

Si kila kitu kilirudi. Miezi ya mwisho kabla ya safari ina mashimo. Kazini napima ubao, nageuka kuchukua msumeno, na kipimo kimekwisha potea, kwa hiyo sasa naandika kila namba juu ya mti wenyewe. Wateja wamezoea. Niliogopa kwamba nitachekwa, na nimechekwa kweli, lakini hakuna aliyekwenda kwa fundi mwingine. Kama nawe virusi hivi vitakugusa hivyo, usijione umeharibika. Tafuta kalamu.

Jambo lililobaki bovu nyumbani ni kati ya Marthe na Aziza. Aziza alikuja kunijulia hali kila Ijumaa, akakaa barazani, hakuingia. Marthe aliniuliza mara moja, akiwa anamenya ndizi, hajaniangalia: "Ulikasirika, uliposikia kama alikudanganya?"

"Hapana."

"Mi nilikasirika."

Niliingia chumbani nikachukua daftari, nikalifungua kwenye ule ukurasa wa mara tatu na ile ya nne asiyoiweza, nikaliweka mezani kando ya ndizi, nikatoka. Nilisikia kisu kimenyamaza. Niliporudi, Marthe alikuwa amelisoma hadi mwisho, na ndizi zilikuwa zimegeuka nyeusi ndani ya beseni. Alizipika hivyohivyo. Jumamosi ile aliponda ndizi za lituma, akafunga samaki kwenye majani, akajitwisha kichwani, akaenda kwa miguu hadi kwa wifi yake. Alirudi jioni akiwa na sufuria tupu. Sikuuliza walisemezana nini. Ijumaa iliyofuata Aziza aliingia ndani.

Mwaka ulipotimia tangu siku ya sifuri, nilifungua barua ya Daktari Meena iliyokuwa na maagizo ya mwisho. Chanjo zote nilizopata utotoni zilikuwa zimekufa pamoja na damu ya zamani. Askari wangu wapya hawakuwa wamefundishwa kitu. Ilibidi nianze upya, polio, pepopunda, kifaduro, kama mtoto.

Kwa hiyo asubuhi moja nilikwenda na Marthe kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu, siku ya chanjo za watoto. Kulikuwa na akina mama labda arobaini kwenye mabenchi, kila mmoja na mtoto wake kwenye kitenge, na mimi katikati yao, mwanaume mwenye ndevu na mikono ya seremala. Mama aliyekaa kulia kwangu alikuwa akimwonyesha mwenzake kifua cha mwanawe. Homa ya siku tatu, alisema, jana imekata, leo vipele. "Itaisha yenyewe," mwenzake alimjibu, wala hakuinua kichwa. Mtoto alikuwa akitafuna kidole chake kwa raha. Nilikitazama kile kifua chenye vidoa vyekundu. Kilichonila majuma matano na kumwua baba yangu mara nyingi kilikuwa pale, kikiingia kwa mara ya kwanza, kwa wepesi, ndani ya mtu asiye na hata meno. Nilimwombea kilale vizuri na kisiamke kamwe.

Tulipofikiwa, muuguzi, mama mnene mwenye miwani, aliinua macho kutoka kwenye meza.

"Mutoto iko wapi?"

"Ni mimi," nilisema.

Alimtazama Marthe. Marthe alinishika bega. "Ni yeye, mama. Iko na mwaka moja na siku tisa."

Benchi zima lilicheka, na mimi nilicheka nao. Kisha nikampa barua, akaisoma yote, akirudia mistari kwa kidole. Aliponirudishia alikuwa ameivua miwani. Alichukua kadi mpya ya watoto, ya rangi ya waridi, akaanza kujaza. Jina. Mtaa. Tarehe ya kuzaliwa; nilimtajia ile ya siku ya sifuri. Akafika mstari wa nne.

"Jina ya mama?"

Kalamu ilikuwa ikingoja. Nilimfikiria Mama Zubeda na kitambaa chake cha maji. Nilimfikiria Aziza na kikombe sakafuni. Kisha nikamfikiria mwanamke ambaye sitamwona, mahali nisipopajua, amelala kachoka baada ya uchungu, mtu anamuuliza kama anaruhusu, naye anatikisa kichwa kukubali kisha anamgeukia binti yake.

"Andika Zubeda," nilisema. "Lakini uache fasi kidogo pale chini."

"Fasi ya nini?"

"Iko mama mwingine. Jina yake sijue."

Muuguzi aliisogeza kadi karibu. Akaandika Zubeda kwa herufi ndogo, juu kabisa ya nafasi, na chini yake, kwa rula, akachora mstari mtupu. Kisha akaniambia nikunje mkono wa shati.